Pale Leso Inaposhikana na Udongo

Vyombo ninavyotengeneza havitekewi maji wala havipikiwi. Vina mdomo, shingo, tumbo na kitako kama mtungi, lakini tumbo ni la leso, yaani kanga, na majani ya miyaa vilivyoshonwa, na mdomo au kitako ni cha udongo uliochomwa. Vingine husimama sakafuni vikafika kiunoni. Vingine huenea kiganjani. Navifanyia kazi nyumbani, Kisauni. Baada ya miaka ya kushona, kufumua na kushona tena, nikiona chombo cha namna hii, kiwe changu au cha mwingine, swali langu la kwanza ni: kimeungwa vipi? Umbo na rangi nazitazama baadaye. Leso hutanuka na kunywea kila hewa inapobadilika. Udongo ukishachomwa haubadiliki. Pale viwili hivyo vinaposhikana ndipo penye kazi yenyewe.

Kusuka nimekukuta nyumbani. Nyanya yangu alisuka ukili, utepe wa miyaa, huku akizungumza, huku chungu kiko jikoni, bila kutazama vidole vyake. Miyaa ya mkoma ilitujia kutoka Kwale na Kilifi, ikaanikwa, ikachanwa chane nyembamba, na baadhi yake ikachemshwa kwa rangi nyekundu, ya zambarau na ya kijani. Kutokana na ukili huohuo mtu hupata mkeka, msala, kikapu au kawa la kufunikia chakula. Tofauti iko katika ushonaji tu. Hilo ndilo lililonivuta tangu nikiwa mdogo, kwamba utepe bapa ukizungushwa na kushonwa hugeuka kitu chenye ndani na nje. "Usiukaze, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Ukiukaza, utainuka kabla hujataka uinuke." Na ndivyo ulivyo. Kuvuta uzi zaidi huinua ukingo, kuulegeza huutandaza. Hakuna kalibu ndani. Umbo lote huamuliwa na mkono unaovuta uzi.

Leso iliingia kwa sababu ya mafundi cherehani. Hapa Mombasa, Mtaa wa Biashara ndio mtaa wa leso. Zile zilizoandikwa "Mali ya Abdulla" zatoka kwa Kaderdina Hajee Essak, biashara iliyoanza mjini hapa mwaka 1887. Mafundi wanaoshona madera hubakiwa na vipande vya kila rangi, vingine na nusu ya pindo, vingine na herufi mbili tatu za jina la leso. Nilianza kwa kuviomba. Sasa nawekewa kwenye mfuko, na mimi hununua uzi kwao.

Leso mpya ina wanga, na ugumu wake ni wa dukani tu. Naiosha mara kadhaa hadi ilegee kabisa, kwa sababu chombo kilichoshonwa na leso yenye wanga husimama imara wakati wa kaskazi, kisha masika yakiingia huanza kuinama upande. Baada ya hapo naichana. Pamba hii huchanika vizuri ikifuata uzi wake: unakata kidogo ukingoni kwa mkasi, kisha unavuta, na kipande chatoka kimenyooka bila kupimwa. Vipande vya namna hiyo navitumia kwenye kitako na tumbo. Begani, ambapo mviringo hujipinda ghafla kuelekea shingoni, nakata mshazari, maana kitambaa cha mshazari huvutika na kulala bila mikunjo. Ndani ya kila mzingo, yaani kila mzunguko wa tumbo la chombo, kuna kiini cha kamba ya katani. Leso huzungushiwa kiini hicho, na sindano ya gunia hupita kwenye mzingo wa chini na kuukamata. Uzi naupaka nta ya nyuki kwanza, hupita kwa urahisi na hauliwi upesi na msuguano.

Udongo nilifundishwa na wanawake wafinyanzi wa upande wa Kwale. Niliwaendea nikitaka kujua namna ya kutengeneza pete ya udongo itakayokuwa mdomo wa chombo cha kitambaa. Walishangaa, wakauliza kazi yake, wakacheka kwa wema, kisha wakanionyesha kila kitu. Mmoja wao, mtu mzima sana, alinifundisha kipimo ambacho nakitumia hadi leo. Alichukua bungu lililoonekana limekauka kabisa, akaligusisha shavuni pangu. "Wasikia baridi? Basi bado lina maji, mwanangu. Usilitie motoni." Maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke motoni, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua chombo. Ngozi ya shavu huhisi unyevu ambao macho hayauoni. Kwa pete ndogo huenda ikatosha siku chache kivulini. Kwa kitako kinene cha chombo kirefu nangoja muda mrefu zaidi, nikikigeuza, nikikifunika kitambaa kibichi pale penye upepo, kwa sababu upande unaokauka mbele ya mwingine hunywea mbele ya mwingine, na ufa huanzia hapo.

Udongo mtupu ni mnato mno. Wafinyanzi huuchanganya na kitu kikavu kinachoupa uwazi wa kupumua na kuzuia kupasuka. Wao walitumia mchanga na vigae vilivyopondwa. Nilirudi mjini na donge la udongo nikafikiria mchanga wa pwani, maana uko tele. Aliyenizuia ni mwashi jirani yetu, mzee aliyefanya kazi kwenye nyumba za Mji wa Kale, zile za mawe ya matumbawe na chokaa. Aliutia mkono ndani ya ndoo, akatoa vipande vyeupe. "Mchanga wa bahari huu, una makombe. Hayo ukiyachoma yawa chokaa. Na chokaa ikipata maji yafura."

Nilitaka kuliona hilo kwa macho yangu. Nikafinyanga vigae viwili vya udongo uleule, kimoja kikiwa na mchanga wa ufuoni na kingine na unga wa vigae vikuukuu, nikavichoma pamoja kwa moto mkali wa vifuu, kisha nikaviweka dirishani msimu wa mvua. Vyote viwili vilitoka motoni vizima. Kile chenye mchanga wa ufuoni kilikaa hivyo kwa muda, halafu kikaanza kubanduka vijipande, na chini ya kila kijishimo kulikuwa na kidoa cheupe. Makombe na matumbawe ni kitu kimoja kwa moto. Ukikaribia nyuzi 800 za Selsiasi na kuendelea, hewa ya kaboni huwatoka, na kinachobaki ni chokaa hai, ile ile ya tanuu la waashi. Chokaa hiyo hunyonya unyevu wa hewani polepole na kuvimba, na udongo uliochomwa hauna nafasi ya kuipisha. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo hata kikiwa kabatini chombo kitabanduka. Tangu hapo sitii chochote cha baharini kwenye udongo wangu. Nasaga vigae, nachekecha, basi.

Jambo la pili ambalo udongo hulitaka ni kufikiriwa mapema. Waswahili husema udongo uwahi ungali maji, na kwenye kazi hii msemo huo ni maagizo halisi. Matundu yatakayopitisha sindano lazima yatobolewe kabla ya moto, wakati udongo umekauka nusu, umeshika umbo lakini ukucha bado waingia. Mbichi zaidi ya hapo, tundu hujifinya. Mkavu zaidi, ukingo humeguka. Tena udongo hupungua. Njia yangu ya kupima ni kuchora mstari wa sentimita 10 kwenye kigae kibichi, kukikausha, kukichoma, kisha kupima tena. Huu ninaoutumia hubaki na sentimita 9 hivi. Kwa hiyo tundu linalopitisha sindano vizuri leo litaikataa kesho, na pete niliyoipima ikaenea shingo ya kitambaa itatoka motoni ndogo kuliko shingo. Nafinyanga udongo kwanza, nauchoma, ndipo nashona kitambaa kwa kipimo chake. Kitambaa ni kisikivu, kitafuata.

Kingo za kila tundu nazilainisha kwa kidole chenye maji, ndani na nje. Hii ni kazi ya kuchosha na haionekani chombo kikikamilika, lakini ukingo mkali wa udongo uliochomwa ni kisu. Hukata uzi kidogo kidogo kila chombo kinapoinuliwa.

Sasa maungio yenyewe. Gundi siitumii. Nimeona kazi za watu ambazo kitambaa kimebandikwa juu ya udongo, na siku za kwanza hupendeza, hakuna uzi unaoonekana. Kisha hewa inabadilika, pamba inavuta, gundi imekuwa ngumu haiwezi kwenda nayo, na ukingo unaanza kuachia. Ukitaka kurekebisha huwezi, kwa sababu gundi imeshaingia kwenye vinyweleo vya udongo na kwenye nyuzi za leso, na ukibandua unaharibu vyote.

Pwani hii imeshona vitu vigumu tangu zamani. Mtepe, jahazi la kale la hapa, ulikuwa na mbao zilizoshonwa kwa kamba za usumba badala ya kupigwa misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mbao zilizoshonwa huweza kucheza kidogo na wimbi, na kamba ikichakaa hufunguliwa, mbao zikashonwa upya. Mimi hutumia kamba ile ile, nyembamba zaidi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi, kikaoza kilichokuwa kikishika nyuzi, kisha hupigwa, husafishwa na kusokotwa. Usumba huvutika bila kukatika na hauogopi unyevu. Kwa kamba hiyo nashona kwanza mkanda wa leso wenye tabaka kadhaa kwenye matundu ya udongo, mkanda ukitanguliwa na pedi laini ili kamba isikae moja kwa moja juu ya ukingo. Tumbo la chombo nalishona kwenye mkanda huo, silishoni kwenye udongo. Kwa njia hiyo leso ikipauka au kuliwa na mende baada ya miaka, nafumua mshono mmoja tu wa mzunguko, naweka tumbo jipya, na mdomo unabaki vilevile.

Kuna ubishi ambao huwa nao na wenzangu wanaofanya kazi za mikono. Wengi wakisikia kitambaa na udongo hufikiria shanga: tengeneza kikapu cha leso kisha ning'iniza shanga za udongo kukizunguka. Sipendi, na nasema hivyo waziwazi. Udongo ni mzito. Ukiuning'iniza unamchosha aliyeubeba bila faida, chombo kinalegea pale pale penye mapambo. Lakini uzito huohuo ukiuweka chini, chombo kirefu cha kitambaa kinapata kusimama hata upepo wa kusi ukipita dirishani. Ukiuweka juu kama pete, mdomo unabaki wazi na duara halipotoki. Nikifinyanga kitu najiuliza kitafanya nini ndani ya chombo. Kisipokuwa na kazi, sikichomi. Mama aliyekuwa akitoka kisimani na mtungi kichwani alikuwa na ngata ya kitambaa au majani chini yake, na kila kimoja kilikuwa na shughuli: ngata ilitawanya uzito, mtungi ulishika maji, na mtu akatembea. Hiyo ndiyo ndoa ya kitambaa na udongo ninayoitafuta.

Kazi iliyonifunza zaidi ililetwa na dada mmoja wa Majengo. Alikuja na mfuko wa sandarusi. Ndani yake mlikuwa na doti ya kisutu, ile leso nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maarusi, iliyokuwa ya marehemu mamake, na shingo ya mtungi uliovunjika wakati wa kuhama. Mdomo ulikuwa mzima, na vidole vitatu hivi vya bega vilivyochongoka. Vipande vingine vilishatupwa.

"Nimeambiwa wewe washona vyungu," akasema.

Nikamwuliza anataka kiwe cha nini.

"Kisiwe cha kitu. Kiwe pale alipokuwa akiuweka."

Sikukichana kisutu siku hiyo. Nilimshauri achague leso moja katika ile doti abaki nayo nzima, aikunje aiweke, na moja tu ndiyo niifanyie kazi. Leso iliyombeba mtoto mgongoni na kumfunika mgonjwa haichanwi kwa haraka ya fundi, na sikutaka arudi nyumbani hana hata moja anayoweza kujitanda. Akakubali, akachagua ile iliyopauka zaidi, akisema ndiyo aliyokuwa akiivaa. Nyingine ilikuwa ya kuwekwa.

Shingo ya mtungi ilikuwa udongo uliochomwa zamani, kwa hiyo nafasi ya kutoboa mapema haikuwapo. Nilitumia keekee ya mkono yenye ncha ya kutobolea vigae vya sakafuni, taratibu sana, msaidizi akidondosha maji, bila kugandamiza. Udongo wa kale uliochomwa kwa kuni ni laini kuliko unavyodhaniwa. Mashine ya umeme ingetetemesha na kuupasua. Kila tundu niliacha limeingia ndani ya ukingo zaidi ya mara mbili ya upana wake, kwa sababu ukaribu na ukingo ndio hualika ufa. Zile ncha zilizochongoka sikuzisawazisha. Nilisugua ukali wao kidogo kwa jiwe, kisha nikaacha mkanda wa leso uzifuate zilivyo, ukipanda na kushuka. Hapo kukata mshazari kulinisaidia kuliko wakati wowote, kwani kitambaa kilichofuata uzi kingekunjamana kwenye kila kona.

Tumbo lilipoanza kushuka kutoka shingoni, nyeusi, nyekundu na nyeupe ya kisutu zilichanganyika zenyewe. Nilipanga kidogo tu, ili wekundu uzidi kuelekea chini. Herufi za jina zilijitokeza hapa na pale zimekatika, hazisomeki. Yule dada alipokuja kuchukua alikitia mkono ndani, hadi kwenye kiwiko, akapapasa mishono yote ya upande wa ndani ambao hakuna anayeuona, akaniuliza kamba ile ni ya nini. Nikamweleza habari ya usumba, na kwamba leso ikichakaa aniletee, au ampelekee yeyote ajuaye kushona, maana maungio yamefanywa ya kufunguliwa.

Suala la umri wa vitu hivi viwili hulifikiria kila nikiingia makumbusho ya Fort Jesus. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome ile mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira, na wapiga mbizi wa utafiti waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Miongoni mwa vilivyotolewa chini ya maji ni vyombo vya udongo, baada ya karibu miaka 280. Leso, hata ikitunzwa vizuri ndani ya nyumba, haina umri wa namna hiyo. Mtu anayeunga vitu vya umri tofauti hivi anajua kimoja kitatangulia, na naona ni wajibu wake kumrahisishia atakayekuja kukibadilisha.

Rangi ya udongo siipaki. Nausugua kwa kijiwe laini ungali nusu mkavu hadi ung'ae, na nikitaka mweusi nauchoma mara ya pili nikiufukia kwa unga wa mbao na makumbi ili hewa iwe haba na moshi uingie. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanya kazi Uingereza, hutoa weusi wake kwa moto wa pili usio na hewa ya kutosha, juu ya vyombo vilivyojengwa kwa mkono bila gurudumu. Alijifunza pia Abuja ya zamani, Suleja ya sasa, Nigeria, miaka ya 1974 na 1975, alipokuwako mfinyanzi Ladi Kwali. Picha za vyombo vyake zilinifundisha kuiangalia shingo ya chombo kwa muda mrefu kabla sijaamua urefu wake.

Kuhusu kuvu, ambayo kila anayenunua huniuliza: chombo cha leso kikae penye hewa, kisigusane na ukuta mwezi wa Mei, na kikipata madoa kianikwe asubuhi, kisianikwe adhuhuri. Kitako cha udongo husaidia hapa pia, kwa sababu kitambaa hakigusi sakafu.

Siku hizi nashughulika na njia nyingine ya kuunga. Nausuka ukili wa miyaa, mpana kidogo na wenye nafasi, kisha nauchovya kwenye uji mzito wa udongo, nauacha ukauke, nauchovya tena hadi kila chane ivae ganda. Nauviringisha kuwa pete na kuuchoma polepole sana, nje, kwa sababu miyaa ikiungua ndani hutoa moshi mwingi na moto wa haraka hulipasua ganda. Miyaa inateketea, ukili wa udongo unabaki, mwembamba, wenye uwazi ndani yake. Nafasi zilizokuwa kati ya chane ndizo zinazokuwa matundu, hakuna haja ya kutoboa, na ukili halisi wa miyaa waweza kupenyezwa humo chane kwa chane na kushonwa. Ganda likiwa jembamba mno humeguka mkononi, likiwa nene mno matundu huziba. Mwezi huu naujaribu uji uliotiwa nyuzi za usumba zilizokatwa fupi fupi, maana nimeona pete zinazopata nyuzi hizo huvumilia kushikwa kabla ya kuchomwa, na hapo ndipo nyingi huvunjika.